Malaika Akisomwa Ogembo: Dhidi ya Kauli Kwamba Wimbo Hauna Mwenyewe

Ipo kauli moja katika ufundishaji wa fasihi simulizi ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikageuka kuwa kama nguzo ya imani. Kauli hiyo husema kwamba kazi ya fasihi simulizi haina mwenyewe. Kwamba ni mali ya jamii nzima. Kwamba jina la mtunzi, hata pale linapojulikana, halina uzito wowote katika uhakiki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiandika daftarini, huirudia katika mtihani, hupewa alama zake, na miaka michache baadaye huwafundisha wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo, inapotumiwa kuusoma wimbo wa "Malaika", ni kosa la kinadharia na ni dhuluma pia. Na kwamba walioipalilia dhuluma hiyo ni wahakiki wenyewe, wala si wafanyabiashara wa santuri peke yao.

Historia ya wimbo huu inajulikana kwa mihimili yake mikubwa. Fadhili William, mzaliwa wa Pwani ya Kenya (1938), aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, kisha akaurekodi upya akiwa na Equator Sound Band katika studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Rekodi hii ya pili ndiyo iliyoutia wimbo miguu ukaanza kutembea. Fadhili alidai hadi mwisho wa uhai wake, mwaka 2001, kwamba wimbo ni wake. Kwa upande wa pili yako masimulizi yanayomtaja Adam Salim, Mtanganyika aliyekuwa akiishi Nairobi katika miaka ya 1945 na 1946, kwamba ndiye aliyeutunga, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake waliamua kumwoza mtu mwenye mali. Grant Charo naye ametajwa katika mzozo huohuo. Ikiwa dai la Salim ni la kweli, basi wimbo ulipotungwa Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba au minane. Hesabu hiyo ni nyepesi, na inashangaza jinsi wengi wanaouandika wimbo huu wanavyoipita bila kuifanya.

Kutoka Nairobi wimbo ulisafiri. Miriam Makeba aliufanya kuwa sehemu ya mwili wake wa kisanaa, akauimba pia pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya 1965, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Huko Uswidi, Hep Stars, kundi alimokuwamo Benny Andersson kabla ya kuwa mmoja wa ABBA, walirekodi lao mwaka 1967. Boney M waliutia katika midundo ya disko mwaka 1981. Usha Uthup wa India aliuimba kwa Kiswahili. Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika Logozo (1991), akiuendea polepole kama mtu anayeogopa kuuvunja. Orodha ni ndefu na haina haja ya kumalizwa hapa. Kila hoteli ya kitalii baina ya Malindi na Unguja ina toleo lake, na matoleo hayo ya hotelini ndiyo yaliyowafanya wasomi wengi wauone wimbo kuwa kitu cha kuwachezea wageni, hivyo wasiuguse.

Tuzo ile ya 1966 inastahili kutazamwa kidogo zaidi. Ilitolewa katika fungu la muziki wa kiasili, yaani nyimbo zinazodhaniwa kuwa zimetoka kwa watu wote bila kutoka kwa mtu yeyote. Katika santuri hiyo zimo nyimbo za kimapokeo za Afrika Kusini, na "Malaika" umekaa miongoni mwao kwa jina la Kiingereza, kana kwamba nao ulichimbwa ardhini. Hapa ndipo dhana ya darasani inapokutana na dhana ya sokoni, nazo zinapeana mkono kwa bashasha. Mfanyabiashara wa santuri angependa sana wimbo wa Mwafrika uwe hauna mwenyewe, kwa sababu kisicho na mwenyewe hakidaiwi mrabaha. Mhakiki, kwa nia njema kabisa, amempatia mfanyabiashara huyo nadharia aliyokuwa akiihitaji. Amemwambia kwamba hivyo ndivyo Waafrika walivyo. Kwamba kwao hakuna mtunzi, kuna jamii.

Lakini ni jamii gani hiyo? Pwani, ambako Kiswahili kimelelewa, hakuna mtu aliyewahi kuuchanganya utunzi na uimbaji. Malenga ni malenga na manju ni manju. Mashairi ya Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo yaliimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo, na Mombasa nzima ilijua ni nani aliyeandika na ni nani aliyeimba; ilijua pia kuwa kuimba kwa Juma Bhalo ni kazi kamili ya sanaa isiyohitaji kujitwalia utunzi ili iheshimiwe. Malenga wa zamani walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za tamati, wakaacha jina, mji, na pengine hata nasaba. Huo ulikuwa muhuri. Mtu anayetia muhuri kwenye shairi lake hawezi kuambiwa na msomi wa karne nyingine kwamba utamaduni wake hauujui umiliki. Ni kweli kwamba Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, majina ya waliomtungia hayakusafiri pamoja na sauti yake. Basi kilichoyapoteza majina hayo ni mtambo na mkataba. Utamaduni haukuyapoteza.

Wala jambo hili si la Pwani tu. Ogembo, katika bonde la mto Gucha, nchi ya Abagusii, mtu akiulizwa nyimbo za Christopher Monyoncho ni za nani, hatasema ni za jamii. Atasema ni za Monyoncho, marehemu, na huenda akaongeza alikozaliwa na bendi aliyopiga nayo. Monyoncho aliimba kwa Ekegusii, kwa gitaa la benga, na hadhira yake ilikuwa ileile inayoelezwa vitabuni kuwa haijali jina la mtunzi. Nadharia ya kutokuwa na mwenyewe haikupatikana kwa kuwauliza watu. Ilipatikana kwa kuzisoma hadithi za paka na panya zilizokusanywa na wamishenari ambao hawakujishughulisha kuandika jina la bibi aliyewasimulia, kisha ukimya wa wakusanyaji ukafanywa kuwa sifa ya fasihi.

Kambi ya pili ya wahakiki, iliyo ndogo zaidi, imeikimbia kauli hiyo na kuangukia nyingine isiyo bora. Hawa husema kwamba mwenye wimbo ni yule aliyeurekodi kwanza, na hapo mjadala ufungwe. Hoja yao ina ulinganifu wa kiofisi: kuna santuri, kuna lebo, kuna jina. Lakini kurekodi si kutunga. Muziki wa bluzi, ule wa Wamarekani Weusi wa kusini, umelipia somo hili kwa gharama kubwa. Robert Johnson alirekodi "Love in Vain" mwaka 1937, akafa mwaka uliofuata. Rolling Stones waliuimba upya katika santuri yao ya 1969, na jina lililowekwa mahali pa mtunzi halikuwa la Johnson. Ilichukua hadi mwaka 2000 kwa mahakama ya rufani ya Marekani kuamua kwamba kutolewa kwa santuri enzi zile hakukuwa ni kuchapishwa kwa utunzi, hivyo haki haikuwa imepotea. Sheria, ambayo kwa kawaida hudhaniwa kuwa butu kuliko uhakiki, iliweza kutenganisha vitu viwili ambavyo baadhi ya wahakiki wa Kiswahili bado wanavichanganya: sahani na shairi.

Mfano wa Afrika Kusini uko karibu zaidi nasi, na unauma zaidi. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akauza haki zake kwa kiasi kisichofaa kutajwa, akafa maskini mwaka 1962. Wakati huo wimbo wake ulikuwa umekwisha kuvuka bahari, ukaimbwa na Weavers kwa jina lililotokana na kusikia vibaya neno la Kizulu, kisha na Tokens mwaka 1961 kwa maneno mapya ya Kiingereza juu ya simba aliyelala. Warithi wake hawakupata makubaliano ya fidia hadi mwaka 2006. Anayetaka kujua kauli ya "hauna mwenyewe" ina bei gani, aihesabu miaka hiyo.

Haya yote, hata hivyo, ni upande wa nje wa suala. Swali la umiliki limewashughulisha sana waandishi wa magazeti, nao wamelifanyia kazi kadiri walivyoweza. Kazi ya mhakiki ilikuwa nyingine, na ndiyo hiyo haijafanywa: kuyasoma maneno. Ni ajabu kwamba wimbo wa Kiswahili ulioenea duniani kuliko shairi lolote la lugha hii haujapata usomaji makini kama ule anaopewa malenga wa diwani moja iliyochapwa nakala chache. Sababu mojawapo ni kwamba Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliacha kipimo cha vina na mizani ambacho kilitumiwa baadaye kama lango, na wimbo wa dansi ukaachwa nje ya lango hilo. Mzozo wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru ulilibomoa lango upande mmoja, ukawaingiza Kezilahabi na wenzake. Wapiga gitaa hawakuitwa.

Usomaji huo ufanywe basi, na ufanyiwe Ogembo. Atakayeuliza Ogembo na Kiswahili ni wapi na wapi ajue kwamba swali lake ni sehemu ya maradhi yenyewe. Kiswahili kinasomwa, kinatahiniwa na kununuliwa bidhaa kwacho Ogembo kila siku, na msomaji wa huko ana kitu ambacho msomaji wa Mombasa hana katika kuusoma wimbo huu hasa: ana historia ya mahari.

Kiini cha "Malaika" ni kijana anayempenda msichana, asiyeweza kumwoa kwa kuwa hana mali. Wasikilizaji wa Ulaya wamezoea kuisikia habari hiyo kama huzuni ya mapenzi kwa jumla, huzuni ya dunia nzima, na wahakiki wetu wametafuna mfupa huohuo kwa kusema kwamba wimbo "unazungumzia mapenzi". Hapana. Wimbo unazungumzia gharama ya ndoa. Neno mali ndani yake si pambo la kuonyesha umaskini wa kijana, ndilo mhimili. Na miaka ambayo Adam Salim anasemekana kuutunga, yaani katikati ya miaka ya 1940, ndiyo miaka ambayo katika nchi ya Gusii mahari ilikuwa ikipanda bila kusimama. Philip Mayer aliandika juu ya sheria na desturi ya mahari ya Abagusii mwaka 1950. Mwanahistoria Brett Shadle, akizitumia kumbukumbu za mabaraza ya Kiafrika ya wakoloni, yaliyoitwa ritongo, ameonyesha katika Girl Cases (2006) kwamba kuanzia mapema miaka ya 1940 wana wa familia maskini walishindwa kuoa. Kwamba mabinti walikataa kuozwa wazee wenye mali na wake wengi. Kwamba vijana walitoroshana. Na kwamba mamia ya kina baba walikwenda barazani kuwashtaki. Kumbukumbu hizo ni "Malaika" katika lugha ya karani wa mahakama. Mshtakiwa ni kijana asiye na ng'ombe. Msichana ameitwa kueleza amekwenda kwa hiari au la. Baba anataka mifugo au binti arudi. Yule tajiri yuko pembeni, mara nyingi hana haja ya kusema neno.

Haidaiwi hapa kwamba wimbo ulitoka Gusii. Kinachodaiwa ni kwamba yule anayejua yaliyotokea katika mabaraza yale hawezi tena kuuita wimbo huu wa mapenzi tu na kwenda zake. Nairobi ya 1945 ilijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta fedha ambayo ingegeuzwa kuwa ng'ombe, na ng'ombe kuwa mke. Wimbo ulitungwa katika mji wa watu hao na kwa lugha waliyokuwa wakisikilizana kwayo. Ndiyo maana katika wimbo mali na pesa zinasimama karibu karibu: ni msamiati wa kibarua wa mjini anayehesabu kwa sarafu kile ambacho baba mkwe anakihesabu kwa mifugo.

Kutokana na hapo linakuja suala la kitenzi. Kiswahili kina kuoa na kuolewa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na sarufi yenyewe imeweka mpaka. Makeba, na baada yake Kidjo, waliuimba wimbo bila kuugeuza: sauti ni ya mwanamke, kitenzi ni kuoa. Baadhi ya wajuzi wa lugha wamelicheka jambo hili kuwa ni kosa la wageni wasiojua Kiswahili. Wengine, wenye huruma zaidi, wamesema mwimbaji anavaa tu nafsi ya mwanamume, kama mwigizaji avaavyo kanzu. Maelezo yote mawili yanaweza kupita. Lakini mtu aliyelelewa karibu na Ogembo ana maelezo ya tatu, nayo ni ya ndani zaidi. Katika desturi ya Abagusii mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe akamwoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Huyo ni mwanamke anayeoa, kitenzi kikiwa katika kauli ya kutenda, wala hakuna aliyeshangaa. Kilichomwezesha kuwa kiima cha kitenzi hicho ni ng'ombe, yaani mali. Basi sauti ya Makeba inapomtamkia malaika wake kwamba ingemwoa lau ingekuwa na mali, sarufi haivunjiki. Inafichua siri yake. Aoaye ni mwenye mali, na jinsia hufuata nyuma. Wimbo wa Fadhili ulikuwa umelisema jambo hilo tangu mwanzo, ila katika koo la mwanamume halikusikika, kwa sababu pale lilionekana la kawaida. Ilihitaji mwanamke auimbe.

Hii ndiyo sababu matoleo ya marudio yasitazamwe kama nakala zilizochujuka za asili moja safi. Kila toleo ni usomaji. Upo usomaji wenye manufaa, na upo uliolala. Toleo la Boney M, kwa mfano, limelala: mdundo unaendelea kwa raha ileile, mali iwepo isiwepo, na kijana maskini anaonekana ana hali nzuri kabisa. Kidjo amesoma kwa makini ingawa Kiswahili si lugha yake. Fadhili mwenyewe, katika rekodi ya Equator, anaimba kwa utulivu unaokaribia aibu, kama mtu aliyekwisha kuulizwa ana ng'ombe wangapi. Na huo, kwa sikio la makala haya, ndio usomaji mzito kuliko yote, uwe ni wa mtunzi au wa mrithi wa utunzi wa mwingine.

Ubeti wa kidege nao una mfano wa jinsi usomaji unavyoweza kubadilika kwa silabi moja. Katika maandishi mbalimbali ya maneno ya wimbo kitenzi cha ubeti huo huonekana kwa sura mbili: nakuwaza na hukuwaza. Sura ya kwanza haina utata: mimi ninakuwaza wewe. Ya pili, inayohusishwa zaidi na uimbaji wa Makeba, ina njia mbili. Ikiwa hu- ni kiambishi cha mazoea, maana yake ni kuwaza kwa kudumu, siku zote. Na kwa kuwa kiambishi hicho hakichukui kiambishi cha nafsi, anayewaza amefutika, umebaki uwazaji mtupu. Ikiwa hu- ni kikanushi cha nafsi ya pili, basi maneno yamegeuka kuwa lawama: wewe, kidege, hukuwaza. Hukufikiria. Ulikubali. Msichana aliyekuwa malaika sasa anashtakiwa, kama walivyoshtakiwa mabinti wa ritongo walioulizwa kama walikubali wenyewe au walilazimishwa. Wanaosahihisha maneno ya wimbo kwa kalamu nyekundu, wakiirejesha nakuwaza kila waionapo hukuwaza, wanafuta uwezekano huu wote kwa kudhani wanasafisha. Kusikia vibaya kulikoizaa "Wimoweh" kulikuwa hasara tupu, kwa kuwa neno lililozaliwa halikuwa na maana kwa yeyote. Hapa mkengeuko, kama ni mkengeuko, umezaa Kiswahili.

Mtu atauliza: ikiwa kila mwimbaji ni msomaji na kila msomaji huongeza chake, je, si kurudi kulekule kwa wimbo usio na mwenyewe? Pingamizi hili linasikika madarasani, na huletwa na wanafunzi wenye akili. Jibu ni kwamba wingi wa wasomaji haufuti mtunzi, kama vile wingi wa wafasiri haujamfuta Shakespeare. Anayesema Makeba aliongeza maana ni lazima aweze kusema aliongeza juu ya nini, na ya nani. Pasipo jina la kwanza, majina yanayofuata hayana cha kutofautiana nacho. Jina hilo la kwanza linaweza kuwa na mgogoro, likawa Salim au Fadhili au wote wawili kwa hatua tofauti, mmoja kwa maneno na mwingine kwa umbo tulilolirithi. Mgogoro wa majina mawili matatu si sawa na ukosefu wa jina. Hakimu asiyejua shamba ni la nani kati ya ndugu wawili haligawi kwa wapita njia.

Na hata pale ambapo kazi ni ya jamii kwa kweli, haifuati kwamba haina mwenyewe. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo msingi wake ni kwamba jamii ni mwenyewe mwenye haki, anayestahili kuombwa ruhusa. Wanasheria, tena, wamewatangulia wahakiki. "Mali ya jamii" ni tamko la umiliki. Madarasani limefundishwa kana kwamba ni tamko la uyatima.

Kilomita chache kutoka Ogembo iko Tabaka, mahali panapochongwa lile jiwe laini ambalo dunia inaliita jiwe la Kisii. Vinyago, bakuli na sahani hutoka hapo kwenda Nairobi na ng'ambo, aghalabu bila jina la mchongaji. Mnunuzi wa ng'ambo husoma kibandiko chenye jina la kabila akaridhika kwamba amenunua sanaa ya jadi. Ukienda kwenye vibanda vya wachongaji wenyewe, hata hivyo, kila mmoja anajua mkono wa mwenzake: huyu hunyoosha shingo za twiga hivi, yule hulainisha matumbo ya viboko vile. Jina lipo. Linaachwa njiani, mahali fulani baina ya kibanda na kibandiko, na anayeliacha analipwa kwa kuliacha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu "Malaika" hakiwezi kupitwa. Wimbo huu huimbwa harusini, kote Kenya, na Gusii haina tofauti. Bendi huupiga bwana na bibi harusi wakiingia, au wakikata keki, na wageni huitikia kwa furaha. Wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa unawasindikiza waliofaulu. Inawezekana kulicheka jambo hili kama ushahidi kwamba watu hawasikilizi maneno. Inawezekana pia kwamba wazee walioketi meza ya mbele, ambao siku chache kabla walikuwa wakibishana juu ya idadi ya ng'ombe, na baadhi yao wakiwa bado wanadaiwa, wanayasikia vizuri kabisa. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu, na ambao kila mwaka huleta pendekezo jingine la dhamira katika riwaya ileile, wangeweza kuanzia hapo: kukaa katika harusi moja ya Bomachoge na kinasa sauti, kuandika jina la kila anayehojiwa, na kumuuliza kila mmoja, kabla ya swali lolote la nadharia, wimbo huu ni wa nani na huyo anayeimba alikosa nini.